Kona Mbichi ya Chumba cha Bibi

Kila alasiri, wakitoka shule, Chiriku na Njiti walivua sare na kuzitundika, wakala kilichofunikwa mezani, kisha mmoja akachota maji na mwingine akaosha vyombo. Chiriku alipewa jina hilo na bibi yake tangu akiwa mdogo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Njiti alikuwa mtoto wa mama yake mdogo. Walikuwa rika moja, wote wa darasa la sita, lakini Njiti alikuwa mrefu na mwembamba kama njiti ya kiberiti, na hakutoa neno mdomoni mpaka alipige msasa kwanza.

Njiti alihamia kwao mwanzoni mwa muhula, mama yake alipopata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji mwingine. Chiriku alimpokea kwa shangwe. Alimpa upande wa ukutani wa kitanda, akamwachia nusu ya kabati, akamtambulisha kwa marafiki zake wote kama mtu anayeonyesha viatu vipya. Shangwe hiyo ilidumu mpaka chumba kipya kilipoanza kupakwa rangi.

Chumba chenyewe kilijengwa nyuma ya nyumba, kando ya jiko, kwa ajili ya bibi yao. Bibi alikuwa na kifua kibaya, na mwaka ule hakuweza tena kuishi peke yake. Fundi wa plasta alimaliza kuta zote nne, akaosha mwiko wake, akaenda zake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mama yake Chiriku, ambaye alikuwa fundi wa rangi. Mtaa mzima ulimwita Mama Brashi. Alipaka maduka, shule na nyumba za watu, na jioni alirudi na madoa kichwani, hata Baba akawa anamtania, "Leo naona ulikuwa kwenye nyumba ya kijani."

Chiriku alikuwa amengoja kazi hiyo kwa muda mrefu. Yeye si mtoto wa fundi? Aliwaza kwamba mama yake atamkabidhi brashi mbele ya watu, na Bibi akifika ataambiwa, "Hiki chumba amekipaka mjukuu wako."

"Tunaanza leo, Mama?" aliuliza, hata kabla fundi wa plasta hajafika barabarani.

"Tunaanza na nini? Gusa ukuta."

Chiriku aligusa. Ukuta ulikuwa wa baridi na mweusi kama udongo wa mtungi kabla ya kuchomwa.

"Plasta mbichi ina maji ndani," Mama alisema. "Ukiipaka rangi sasa, unayafungia maji humo. Nayo hayakubali kufungiwa, yatatafuta njia ya kutoka. Tutafungua dirisha na kungoja mpaka ukuta mzima upauke."

Njiti alikuwa amesimama mlangoni. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Mama mkubwa, je, kama nje umepauka lakini ndani bado una maji, tutajuaje?"

Mama Brashi aligeuka. Uso wake ulikunjuka. "Hilo swali kuna watu wazima niliofanya nao kazi hawajawahi kuniuliza! Njoo hapa." Akachukua kipande cha nailoni, akakibandika ukutani kwa utepe pande zote. "Tukiamka kesho tukikuta jasho ndani ya nailoni, ukuta bado. Tukikuta pakavu, tayari."

Chiriku aliutazama mkono wa mama yake uliokuwa begani kwa Njiti. Kitu kidogo kilimchoma kifuani, kama mwiba wa samaki ulioshuka vibaya.

Wiki zilipita. Kuta zilipauka moja baada ya nyingine, isipokuwa kona ya dirisha. Pale maji ya mvua yalikuwa yamepenya kutoka kwenye bati, ikabidi fundi arudi, azibe juu, abomoe kipande kile na kukipiga plasta upya. Kwa hiyo kona ile ilibaki nyeusi wakati sehemu nyingine zote zimekuwa nyeupe kama unga.

Jumamosi moja Mama alitandika turubai sakafuni. Alimimina rangi ndooni, akaiongezea maji, akakoroga mpaka ikawa nyepesi kama maziwa.

"Mkono wa kwanza, yaani rangi ya kwanza kupakwa, lazima uwe mwepesi," alieleza. "Plasta mpya ina kiu. Ukiipa rangi nzito, itanyonya maji yake kwa pupa, na rangi itabaki juu juu bila kushika. Sasa, Chiriku, wewe koroga na ufute matone. Njiti, hebu jaribu kupitisha brashi ukingoni, pale ukuta unapokutana na dari."

Chiriku alidhani amesikia vibaya. Kazi ya ukingoni ndiyo kazi ya ufundi hasa! Mkono ukitetemeka tu, dari imechafuka. Lakini Njiti alipanda kwenye stuli, Mama akamshika kiwiko na kumwonyesha, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu Njiti akavuta mstari ulionyooka kama uzi.

"Mtazameni huyu!" Mama alisema. "Mkono umetulia kama maji mtungini."

Baadaye Chiriku naye alipewa rola na ukuta wa mlangoni. Aliichovya mpaka ikadondosha, akaipeleka mbio mbio ili amalize wa kwanza. Rangi ilitiririka hadi chini, ikaacha michirizi kama uso wa mtoto aliyelia. Mama aliipangusa haraka, akasema tu, "Taratibu, mwanangu, wewe unajua haya mambo," kisha akarudi upande wa dirisha.

Jioni mama jirani mwenye duka alichungulia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa Njiti, akainua kichwa, akakitikisa kwa kustaajabu. "Mama Brashi, hapa umepata mrithi."

"Nimepata kweli," Mama alijibu akicheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mbona mwenyeji aliumwa? Usiku ule Chiriku alimgeuzia Njiti mgongo. Kuanzia siku ile aliona kila kitu. Aliona Njiti akiongezewa mchuzi. Aliona Baba akimuuliza Njiti habari za shule kwanza. Hata kikombe cha bluu, ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukipenda, kilimuuma alipokiona mkononi mwa Njiti. Darasani rafiki yake alimuuliza, "Yule ndugu yako ndiye anayepaka rangi na mama yako?" Chiriku akajibu, "Anashikilia ndoo tu." Uongo huo ulimtoka kwa urahisi uliomshangaza.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa mapumziko ya katikati ya muhula. Mama alikuwa na kazi ya kupaka zahanati, akaondoka asubuhi. Njiti alikuwa bafuni. Mama alimwambia Chiriku akiwa mlangoni, mfuko wa vifaa begani:

"Mwambie mwenzako leo mpake mkono wa pili ukuta wa mlangoni. Ule wa dirisha msiuguse kabisa. Jana nimeweka nailoni pale kwenye kona, asubuhi imeloa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Njiti alipotoka bafuni akijifuta masikio, aliuliza, "Mama mkubwa ameacha maagizo gani?"

Chiriku alikuwa akisafisha kucha kwa njiti ya ufagio. Hakuinua macho. "Amesema wewe umalize ukuta wa dirisha leo, pamoja na kona. Mimi nipake wa mlangoni."

"Na kona? Mbona bado nyeusi?"

"Amesema hiyo ni rangi yake tu, simenti ilikuwa tofauti. Na usiongeze maji, upake nzito ili iifunike."

Njiti alikunja uso. Aliligeuza jambo lile kichwani, Chiriku alimwona akiligeuza. "Amesema hivyo kweli?"

"Kwani mimi ni nani nimtungie Mama maneno? Kama hutaki, acha, nitamwambia umekataa."

Mtoto anayeishi katika nyumba isiyo yake huliogopa sana neno hilo, "umekataa". Njiti alichukua brashi. Aling'oa kile kipande cha nailoni bila kukitazama ndani, akidhani kimesahauliwa, akapaka ukuta wote wa dirisha kwa rangi nzito, na kona ile akaipitisha mara mbili ili weusi usionekane. Ilikuwa kazi safi ajabu. Chiriku alipoitazama, aliona wivu hata wa kazi aliyojua itaharibika.

Mama alirudi jioni amechoka, akaoga, akala, akalala. Hakuingia chumbani. Kesho yake mchana ndipo alipofungua mlango, nao wasichana wakamsikia akiita kwa sauti ambayo si yake ya kawaida.

"Nani amepaka hapa?"

Kona ya dirisha ilikuwa imetoa malengelenge kama kidole kilichoungua. Mengine yalikuwa yamepasuka, na rangi ilining'inia kwa vipande, imejikunja kama maganda ya kiazi. Mama alivuta kipande kimoja kwa kidole. Kikaambuka na kushuka mpaka karibu na sakafu. Plasta ya nyuma yake ilikuwa nyeusi na imelowa, na upande wa chini kipande kidogo cha plasta kilibanduka pamoja na rangi.

"Mimi, Mama mkubwa," Njiti alisema.

"Sikusema msiuguse ukuta huu?"

Njiti alimtazama Chiriku. Chiriku aliutazama ukucha wake wa kidole gumba. Hapo Njiti alielewa kila kitu.

"Nilisikia vibaya," Njiti alisema. "Nisamehe."

"Ulisikia vibaya! Wewe uliyeniuliza habari za maji ya ndani? Bibi alikuwa aje Jumamosi hii. Sasa nimlaze wapi na kile kifua, katika chumba chenye unyevu?" Mama alifumba macho, akapumua. "Basi. Weka brashi. Utaosha ndoo na vitambaa. Chiriku atashika nafasi yako."

Hivyo ndivyo Chiriku alivyopata alichokitaka. Jioni ile Mama alimpigia Bibi simu kumwambia asubiri wiki nyingine. Bibi alikohoa, akasema hapana shida, ila jirani aliyekuwa akimpikia ameshasafiri. Chiriku, aliyekaa karibu na simu, alisikia kila neno.

Siku iliyofuata alipewa brashi. Mama alimwambia angoje, asiguse kona mpaka yeye atakaporudi kumwonyesha. Lakini Chiriku alitaka kuonyesha kwamba hahitaji kuonyeshwa. Alichovya brashi, akapaka rangi nzito juu ya malengelenge yaliyobaki. Rangi mpya ililainisha ile ya zamani. Brashi iliposhuka, vipande vikubwa vilikuja nayo, vikakwama kwenye manyoya ya brashi kama ngozi ya maziwa. Alibandika kimoja kwa kidole. Kikaanguka. Akaongeza rangi. Ikachuruzika. Mwishowe kona ilikuwa na vidonda vyeusi, matuta meupe na alama za vidole vyake.

Nje, Njiti alikuwa ameinama bombani, akiosha vitambaa bila kulalamika. Hakuwa amemsema kwa Mama. Hakuwa hata amemnunia. Na wema huo nao ulimtia Chiriku wivu, pengine kuliko mstari ulionyooka. Laiti angetukanwa! Angejua la kujibu.

Saa ya magharibi, Chiriku alipita nyuma ya dirisha la sebule akipeleka ndoo. Njiti alikuwa ndani, ameshika simu ya Mama, akizungumza na mama yake.

"Mama, siwezi kuja kukaa na wewe hapo bwenini? Nitalala hata chini, sitasumbua... Hapana, hakuna aliyenikosea. Wote wananipenda... Ni vile tu naona nimekuwa mzigo. Nikigusa kitu kinaharibika."

Ndoo ilimtoka Chiriku mkononi, maji yakamwagika miguuni mwake. Alisimama pale, viatu vimelowa. Mtu aliyekuwa akimwonea wivu kwa kupendwa kuliko yeye alikuwa akiomba ruhusa ya kulala sakafuni.

Mama alikuwa jikoni akikata vitunguu. Chiriku aliingia. Viatu vyake viliacha maji sakafuni.

"Una nini? Mbona umelowa?"

"Njiti hakusikia vibaya. Mimi ndiye niliyemwambia apake. Nilimwambia umesema apake nzito. Nilijua itabanduka."

Kisu kilisimama. "Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Kwa nini?"

Chiriku alilia mpaka kwikwi zikamshika. "Kwa sababu unampenda yeye! Ulimshika mkono ukamfundisha. Mimi uliniambia nikoroge. Ukasema yeye ni mrithi wako. Mimi ni nani, basi?"

Mama hakumpiga wala hakumkumbatia. Alinawa mikono polepole. Kisha akamwita Njiti, akavuta kiti, akaketi mbele yao wote wawili.

"Njiti, nilikulaumu kwa kosa lisilo lako. Naomba unisamehe, mwanangu. Nilipaswa kuuliza mara mbili."

"Nimesamehe, Mama mkubwa," Njiti alisema. Kisha, baada ya kulipiga msasa neno lake, akaongeza, "Lakini Chiriku, umeniumiza. Nilijua umenidanganya, nikanyamaza kwa sababu hapa si kwetu."

Hiyo "si kwetu" ilimwingia Chiriku kuliko fimbo. "Ni kwenu," alisema kwa kwikwi. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyefanya pasiwe kwenu."

Njiti alibaki palepale, kando yake.

"Nawe, Chiriku," Mama aliendelea, "kuna jambo moja umelisema kweli. Nilimfundisha Njiti kwa sababu ni mgeni wa kazi hii. Wewe nilidhani mtoto wa fundi anazaliwa anajua. Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Kosa lako utalirekebisha wewe. Kesho asubuhi, kwenye kona."

Asubuhi Mama alimpa Chiriku kikwangulio cha chuma, si brashi.

"Ukivifunika vidonda hivi kwa rangi, vitarudi," alimwambia. "Umejaribu, umeona. Kwanza ondoa kila kisichoshika, hata kama kinaonekana kizima."

"Hata hapa palipo pazuri, Mama?"

"Gonga."

Chiriku aligonga kwa ukucha. Palitoa sauti ya utupu, kama boga lililokauka. Akakwangua. Vumbi lilimjaa nywele, mkono ukamuuma, na eneo lililoharibika likawa kubwa zaidi kuliko mwanzo. Alitaka kulia. Mama alimshika kiwiko, kama alivyomshika Njiti siku ile, akamwonyesha kulaza kikwangulio ili kisichimbe plasta.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kungoja, na kwa Chiriku kungoja kulikuwa kugumu kuliko kukwangua. Dirisha lilikaa wazi mchana kutwa. Kila jioni alibandika nailoni, na kila asubuhi alikimbia kuitazama kabla hata ya kunawa uso. Siku nyingi alikuta jasho. Bibi naye alingoja, wiki ikawa wiki mbili, na Baba akawa anamwendea kila alipopata nafasi kumpelekea chakula.

Hatimaye nailoni ilikauka. Chiriku alizibia mashimo kwa unga wa kuzibia uliokorogwa kama uji mzito, akaacha ukauke, akapiga msasa mpaka kiganja kikipita hakihisi tofauti kati ya palipozibwa na pa zamani. Akapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Alipokuwa akiongeza maji kwenye rangi ya mkono wa kwanza, kivuli kirefu chembamba kilitokea mlangoni.

"Umezidisha maji," Njiti alisema.

"Sijazidisha."

"Umezidisha. Hiyo si rangi, ni maji ya kuogea bata."

Walitazamana, wakacheka wote. Njiti aliongeza rangi kidogo, akakoroga, kisha akashika stuli isitikisike wakati Chiriku akipaka. Mkono wa kwanza ulinyonywa na plasta kimya kimya. Wa pili ulishika. Wa tatu ulipokauka, hukuweza kujua ile kona iliwahi kuwa na malengelenge.

Bibi alifika siku ya jua kali, Baba amemshika mkono. Aliketi kitandani, akavuta pumzi ndefu, akaitoa bila kukohoa. Mama jirani mwenye duka naye alikuja kusalimia, na kama kawaida yake aliinua kichwa kuangalia dari. "Ule mkono wa Njiti! Mama Brashi, mimi nilisema."

Kile kitu kidogo kilimchoma Chiriku tena, palepale kifuani. Alikitambua. Alimeza mate, akasema, "Kweli, kingo zote ni za Njiti. Mimi bado siwezi kuvuta mstari kama ule."

"Na ile kona ya dirisha ni ya Chiriku," Njiti alisema mara moja, bila kungoja. "Mimi nisingekuwa na subira ya kuikwangua yote."

Wageni walipotoka kwenda kunywa chai, Chiriku alibaki nyuma na mama yake.

"Mama, bado nimeona wivu. Sasa hivi, jirani aliposema. Nilidhani umekwisha."

Mama Brashi alimfuta doa la rangi lililokauka shavuni. "Wivu humjia kila mtu, mwanangu. Hata mimi nikiona fundi mwenzangu amepaka vizuri, hunijia. Kuuona wivu si kosa. Kosa ni kuufunika kwa uongo kana kwamba haupo, kwa sababu huko ndani unaendelea kuharibu, na atakayeumia wa kwanza huwa mtu asiye na hatia. Ukikujia, useme. Uniambie mimi, au umwambie Njiti. Kisha jifunze kwa yule unayemwonea wivu badala ya kumwangusha. Leo umesema ukweli mbele ya watu, na kinywa hakikupasuka, sivyo?"

"Hakikupasuka," Chiriku alisema.

"Basi nenda kamwambie mwenzako akufundishe kuvuta mstari. Jikoni kwetu kunahitaji rangi."